Uzoefu wangu na JavaScript kwenye ankara za mawakala wa forodha

Kwa kurasa za kivinjari, lugha ya programu ya JavaScript haina mpinzani. Karani wa bandari ya Kilindini, Mombasa, hufungua kiungo akaanza kazi, hana haja ya kusakinisha chochote. Lakini ukiipa hesabu za tarehe, kaa macho, maana lugha hii hukubali upuuzi bila kulalamika.

Miezi inaanzia 0, kasoro iliyorithiwa kutoka lugha ya Java, ilhali siku zinaanzia 1. Andika new Date(2024, 1, 31) ukidhani ni 31 Januari, utapewa 2 Machi: 1 ni Februari, na siku 2 zilizozidi zimesukumwa mbele kimyakimya. Kontena linalotozwa ada ya hifadhi kwa siku, ankara yake imeshaharibika hapo. TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, nayo haikuokoi, kwa kuwa 1 ni namba halali kama 0. Lugha ya Python ukiipa 31 Februari inagoma papo hapo na kutoa kosa la ValueError, na Java yenyewe ilijirekebisha toleo la 8 mwaka 2014. Anayebuni lugha mpya leo aanzie hapo: tarehe isiyokuwepo ikataliwe, isikisiwe.

Saa ndiyo mtego wa pili. "2024-03-01" ikiwa peke yake husomwa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Iongeze "T00:00", inasomwa kwa saa za hapa. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo ukikata tarehe kutoka toISOString(), amri inayoandika muda kwa UTC, risiti zote za kati ya saa sita na saa tisa usiku zinaingia kwenye hesabu za jana. Meli hazilali, na risiti za usiku ni nyingi. Mimi huhifadhi tarehe ya ankara kama maandishi tu, mwaka-mwezi-siku. Temporal, zana mpya ya tarehe ndani ya JavaScript, imetenga tarehe na saa, na miezi yake inaanzia 1. Ila hakikisha kwanza vivinjari vya wateja vinaifahamu.

Pesa zina nafuu. Kwamba 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004 si lawama ya JavaScript, Python ni vilevile. Weka senti kwa namba kamili, basi. Lakini [3, 20, 100].sort() kurudisha [100, 20, 3], eti kwa sababu namba zimepangwa kama maneno, hilo halina utetezi. Andika sort((a, b) => a - b) kila mara.

Kurasa nimeziacha kwa JavaScript. Siku za hifadhi zinahesabiwa kwenye seva, kwa Python.