Kichwa cha shawa cha kubana maji: miezi mitatu bafuni

Kabla ya kukifunga nilitega ndoo ya lita 10 chini ya shawa ya zamani, ikajaa kwa sekunde 50. Kwa hiki kipya, sekunde 80. Yaani nimetoka lita 12 kwa dakika hadi 7.5, na bado maji yanapiga mgongo vizuri kwa sababu yanachanganywa na hewa. Kinachonifurahisha zaidi ni umeme: kila lita isiyopita hapo, hita haina haja ya kuipasha moto. Dada yangu mwenye nywele nyingi analalamika kuwa povu linachelewa kutoka, na namwelewa. Chokaa nayo huziba vitundu, hivyo kila mwezi nakiloweka kwenye siki nusu saa. Kukifunga ni rahisi. Usisahau tu ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, la sivyo kitavuja.