Rangi ya kupaka gari nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kabla ya kwenda dukani, lowesha kitambaa cheupe kwa thina, kisha sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye kitambaa, huenda gari lilipigwa NC (rangi ya nitroselulosi, inayokauka kwa thina kuyeyuka hewani tu), na rangi yenye hadina (kemikali ya kuigandisha) ikipigwa moja kwa moja juu yake inaweza kuikunja kama utandu wa maziwa. Itakubidi uikwangue yote au uizibe kwa praima (rangi ya chini) ya epoksi.

Chaguo langu la kwanza ni 2K, yaani rangi ya sehemu mbili, rangi na hadina, isiyo na metaliki (chembe zinazometameta). Hukauka kwa rangi kushikana na hadina, si kwa thina kuyeyuka hewani tu, ndiyo maana tone la petroli haliichubui kwa urahisi. Kwa Toyota nyeupe yenye namba ya rangi 040 sioni sababu ya kutafuta nyingine. Tatizo ni kwamba hadina yake ina isosayaneti, kemikali ambayo huweza kumsababishia mpigaji pumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Usipokuwa na kinga ya kupumulia inayoletewa hewa safi kwa bomba, andaa bodi mwenyewe, kisha mwachie upigaji fundi mwenye chumba cha kupigia rangi.

Ya pili ni besi na klia (rangi yenyewe, kisha juu yake tabaka angavu la kung'arisha), ambayo gari la fedha au la metaliki kwa kawaida haliwezi kuikwepa. Unanunua vitu viwili, klia nayo ina hadina, na mkono ukisitasita yanabaki mabaka kama mawingu.

NC naiweka ya tatu, ingawa kwa anayejifunza ndiyo yenye huruma: hukauka upesi na kosa husuguliwa siku hiyohiyo. Lakini Dar es Salaam au Mombasa, wakati wa masika, unyevu huifanya ipauke na kuwa nyeupe, nayo petroli huilainisha.

Kopo la kupuliza linafaa kioo cha pembeni au mkwaruzo wa bampa, basi. Rangi ya mafuta iachie geti.

Fedha zikipungua, usipunguze msasa wala praima. Puti ya kujazia mabonde hunyonya maji, hivyo isugue kavu kwa msasa namba 80 na 180. Maji yaanze baada ya praima, kwa namba 600. Rangi yenyewe ichanganywe yote kwa mara moja, kwa sababu mchanganyiko wa pili unaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana pale mlango unapokutana na mudigadi.