Kituo cha wageni cha Nicodemus, Kansas: safari ndefu, lakini inalipa

Kituo hiki, kilichomo katika ukumbi wa mji uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1939, hakitozi kiingilio, na kwa mpenzi wa historia kinafidia uchovu wote wa barabara kuu namba 24.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1877 na walowezi Weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani Kentucky, ambao mwanzoni waliishi katika mashimo waliyoyachimba ardhini. Kilichonishika zaidi ni habari za Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878, akawasaidia wenzake kuandikisha mashamba, akateuliwa karani wa kaunti ya Graham ilipoundwa mwaka 1880, kisha mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima. Kwa maoni yangu, bila mtu anayezijua njia za makaratasi, jembe peke yake lisingewafikisha mbali.

Mwaka 1888 reli iliupita mji kando, na wafanyabiashara wakaanza kuhama. McCabe naye alikwishahamia Oklahoma ifikapo mwaka 1890, alikoshiriki kuanzisha mji wa Langston. Ukisimama nje, mbele ya hoteli ya zamani ya St. Francis, upepo ukikupiga usoni, unaona jinsi reli ilivyoukosesha mji huu bahati.

Fungasheni chakula, maana mimi nilijisahau nikashinda na njaa. Anayeweza aende mwishoni mwa Julai, wazawa wanaporudi nyumbani kusherehekea ukombozi.