Asubuhi Mbili katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi

Mwezi huu nimeingia mara mbili katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili nikiwa na mpwa wangu wa miaka 9. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa mjini ambao hupita karibu na mlango ule wakielekea kazini na hawajawahi kuufungua.

Kilichonishika zaidi ni misalaba midogo ya shaba. Sisi tuliokulia hapa tumeuzoea mukuba, yaani shaba, kama tulivyozoea vumbi jekundu: bomba la moshi la kiwanda na mlima mweusi wa taka zake huonekana tangu mbali, na marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia kwa miaka 26. Bendera ya Katanga ya mwaka 1960, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, nayo ilibeba misalaba mitatu ya namna hii, kwa hiyo umbo lake hakuna mzee wa hapa asiyelitambua. Lakini misalaba hiyo ilikuwepo karne nyingi kabla ya bendera yoyote. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi ya bonde la Upemba, na wakaona kwamba ile ya zamani zaidi ni mikubwa na michache, ilhali ya baadaye ni midogo, mingi na inayokaribiana kwa ukubwa, dalili kwamba ilikuwa imekwisha kuwa fedha ya kuhesabiwa mkononi. Nilisimama pale muda mrefu nikimfikiria mfuaji aliyemimina shaba ya moto katika kalibu bila kujua kwamba mjukuu wa mtu wa tanuru angekuja kuitazama kazi yake.

Vinyago na viti vya Waluba, vinavyobebwa na sanamu za wanawake, ni vizuri mno, ila vinahitaji siku yao.

Mara ya pili tulikwenda moja kwa moja kwenye picha za wachoraji wa mji huu. Mwaka 1946, mwaka uleule makumbusho haya yalipoanzishwa, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, akakataa kuwalazimisha wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya, na kila mmoja akapata mkono wake mwenyewe. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyopangana kama nyuzi za kitambaa; Bela alichovya vidole katika rangi na kuchora navyo; Pilipili Mulongoy aliwapenda samaki, ndege na nyoka, akiwazungushia majani na maji hata usione nafasi iliyobaki wazi. Mpwa wangu alikaa chini mbele ya samaki, kisha akaninong'oneza, “Mjomba, tusiondoke kwanza.” Hatukuondoka.

Hili ndilo ninaloyasifia makumbusho haya kuliko yote. Niliwahi kuingia katika makumbusho ya mji mwingine, ambako mwongozaji alitupitisha mbele ya vitu vingi kwa dakika 20 tu, nikatoka kichwa kikiwa kizito na macho hayajashiba. Hapa mama aliyetupokea alitueleza maneno machache, akajibu maswali ya mtoto kwa heshima ileile aliyonijibu mimi, kisha akatuacha tutazame.

Ushauri wangu kwa anayekuja mara ya kwanza ni kwamba achague vitu vitatu au vinne tu, afike asubuhi siku ya kazi wakati vyumba vimetulia, na akiweza aje na mzee wa familia aliyefanya kazi migodini, maana mzee huyo atasema mbele ya misalaba ile mambo ambayo maandishi ya ukutani hayawezi kuyasema. Mimi nitarudi Alhamisi kwa ajili ya vile viti, na mpwa wangu amekwisha kuniomba penseli za rangi.