Gia za mkono au klachi mbili? Mpangilio kwa mnunuzi wa Nakuru, Kisumu na magharibi

Ukiingia yadi ya magari Nakuru au Kisumu, gari lolote lisilo na pedali ya klachi utaambiwa ni "otomatiki", kisha mazungumzo yahamie kwenye rangi na rimu. Jina hilo moja linafunika mitambo isiyofanana hata kidogo: otomatiki ya kawaida inayozungushwa kwa oili, ile ya mkanda ambayo wengi huijua kama CVT, na gia za klachi mbili, ambazo Volkswagen huziita DSG na Audi huziita S tronic. Hizi za mwisho ndizo zinazowaumiza wanunuzi wengi, na hapa tunazipanga pamoja na gia za mkono, tukianza na tunazozipendekeza zaidi kwa barabara zetu.

Klachi mbili ni gia za mkono kwa ndani. Zina meno, shafti, sinkro (pete zinazolinganisha mwendo wa meno ili gia iingie bila kukwaruza) na sahani za klachi zinazolika, sawa na za Probox. Kilichoondolewa ni mguu wako. Klachi moja inashika gia ya 1, 3, 5 na 7, nyingine ya 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye ya 3, ya 4 tayari imeshaingizwa inasubiri, ndiyo maana gari hubadilisha bila kusita. Anayekanyaga ni pampu ya oili inayoamriwa na kompyuta ndogo, na pampu na kompyuta hiyo kwa pamoja ndizo mafundi huziita mekatroniki. Sasa fikiria gari likitambaa kwenye foleni ya Kondele: mguu wa dereva mzuri ungeachia klachi au kuikanyaga yote, lakini kompyuta huiacha katikati, ikiteleza kidogo kidogo. Kuteleza ni moto, na namna mtambo unavyoutoa moto huo ndiyo iliyoamua mpangilio wetu.

Nafasi ya kwanza: gia za mkono. Kwa anayebeba mzigo, anayeingia barabara za changarawe za Bungoma au Nandi, au anayeishi mbali na fundi mwenye mashine ya kupima, hakuna linalokaribia hili. Seti ya klachi ina vitu vitatu: sahani, presha pleti na beringi ya kuachilia. Vibadilishe vyote pamoja hata kama ni kimoja kilichokufa, kwa sababu gharama kubwa ni ya kushusha gia boksi, na ukiokoa beringi leo utalipia kazi ileile tena baada ya miezi michache. Gia boksi ikiwa chini, mwambie fundi atazame sili ya nyuma ya injini na apeleke flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo sahani ya klachi hulishika) kwa mwenye mashine ya leth isawazishwe ikiwa ina alama za bluu za moto.

Kupima ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na ukanyage breki ya mguu, tia gia ya tatu, kisha achilia klachi taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Injini ikizima mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, sahani imekwisha. Sikiliza pia: sauti inayotokea ukikanyaga pedali ni ya beringi ya kuachilia, na hiyo si ya kuogopa sana. Sauti inayopotea ukikanyaga ni ya beringi ya shafti ndani ya gia boksi, na hapo bei ya gari lazima ishuke. Gia ya pili ikikwaruza unapoishusha kutoka ya tatu, sinkro imelika. Mara nyingi chanzo ni oili isiyofaa: gia boksi nyingi za magari madogo huhitaji 75W-90 ya daraja la GL-4, takriban lita mbili, na GL-5 yenye dawa kali inaweza kula shaba ya sinkro. Hata duka la spea la mtaani unaweza kulionyesha maandishi haya kwenye chupa.

Nafasi ya pili ni klachi mbili za majimaji, yaani zinazoogelea ndani ya oili. Mfano unaojulikana zaidi ni DQ250 ya Volkswagen, ya gia sita, iliyotoka mwaka 2003 na kuwekwa kwenye Golf GTI na magari mengi ya Audi, kampuni ya kundi la Volkswagen. Mercedes A-Class na CLA za gia saba nazo ni za majimaji. Oili hubeba moto kutoka kwenye sahani, kwa hiyo mtambo huu huvumilia foleni na milima vizuri, ila kwa sharti moja: oili na filta ya DQ250 hubadilishwa kila kilomita 60,000, na inaingia zaidi kidogo ya lita tano. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini ndani ya miaka hiyo gari linaweza kuwa limeshapita huduma hiyo mara mbili. Omba kitabu cha sevisi na karatasi ya mnada kutoka Japani. Usipoona alama yoyote ya oili ya gia, weka gharama hiyo kwenye bajeti ya wiki ya kwanza, na hakikisha fundi anajaza oili gari likiwa limelala sawa na akipima joto la oili kwa mashine, maana kipimo cha kiasi hutegemea joto. Fundi anayetaka kumwaga oili ya otomatiki ya kawaida humo, mshukuru na uondoke.

(Kama huutaki mguu wa klachi kabisa na huna uhakika wa sevisi iliyopita, otomatiki ya kawaida ingekaa hapa katikati, juu ya zote zinazofuata.)

Ya tatu ni Honda Fit hybridi na Vezel hybridi za kizazi kilichotoka 2013, zenye gia saba za klachi mbili kavu pamoja na mota ya umeme. Honda ilizirudisha gereji mara kadhaa Japani mwaka 2013 na 2014, sehemu kubwa kwa marekebisho ya programu ya gia. Faida yake ni kwamba mota ndiyo inayoanza kusukuma gari, hivyo klachi hupumzika kwenye foleni. Betri ya hybridi ikichoka, au mlima ukiwa mrefu, klachi hubeba kazi yote na unaweza kuona onyo kwamba gia zimepata joto. Liendeshe kupanda Riat kutoka Kisumu, lisimamishe katikati ya mwinuko na uondoe tena, mara tatu. Likitetemeka au likitoa onyo, liache.

Ya mwisho ni DQ200, klachi mbili kavu za Volkswagen na Audi, gia saba, kwenye Golf za 1.2 na 1.4 na Passat nyingi za 1.4. Ni mtambo mwepesi, wa kupunguza mafuta, uliotengenezwa kwa injini ndogo zisizozidi nguvu ya mzunguko ya Nm 250. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Sahani kavu hupozwa kwa hewa tu, kwa hiyo kutambaa huzichoma na gari huanza kutetemeka likitoka gia ya 1 kwenda ya 2. Pili ni mekatroniki: mahali tangi la shinikizo linapofungwa, nyumba ya alumini hupasuka, oili inavuja, na gari linabaki barabarani likiwa na injini hai isiyovuta. Mwaka 2013 Volkswagen ilirudisha takriban magari milioni 1.6 duniani kubadilisha oili ya sintetiki kuwa ya madini, kwa sababu ile ya kwanza ingeweza kuleta hitilafu ya umeme kwenye joto na unyevu. Kwa mtu wa Kisumu maelezo hayo si ya mbali.

Ili kuitambua DQ200, usihesabu gia peke yake, kwani zipo za majimaji zenye gia saba pia. Inua zulia la buti karibu na gurudumu la akiba, kuna kibandiko chenye herufi za gia boksi, na fundi anayejua Volkswagen atazitambua.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji gari likiwa baridi kabisa. Tia D, achilia breki bila kugusa mafuta: liondoke laini kwa sekunde moja hivi. Rudia kwa rivasi kwenye mteremko mdogo. Endesha nusu saa hadi lipate moto, kisha litambaze kwa dakika kumi. Mwisho, unganisha mashine ya kupima inayosoma moduli ya gia, si ya injini pekee. Msimbo wa hitilafu P189C maana yake shinikizo la oili halifiki, na P17BF ni pampu inayofanya kazi kupita kiasi. Kwenye DQ200, yote mawili yanaelekeza kwenye mekatroniki.

Wanaotafuta lori: Canter mwaka 2010 lilikuwa lori dogo la kwanza duniani kuwekewa klachi mbili, na yale ya Japani huletwa yakiandikwa Duonic. Kwa mchanga na mawe ya Sachangwan, chukua Canter la gia za mkono.

Muuzaji akikataa gari lisipimwe kwa mashine, hujapoteza chochote zaidi ya nauli. Akikubali na msimbo ukatokea, piga simu kwa fundi papo hapo uulize bei ya mekatroniki ikiwa imefungwa na kupangwa upya kwa mashine, kisha toa kiasi hicho kwenye bei, au ulizia lile la pedali tatu lililoegeshwa nyuma ya yadi.