Udongo upi wa kununua mkitaka kufinyanga pweza na kaa na watoto

Nafasi ya kwanza naipa plastilini, ule udongo wa rangi wenye mafuta unaouzwa kwa vijiti kwenye maduka ya vifaa vya shule. Haukauki. Mtoto akifinyanga pweza wa mikono sita leo, kesho atahesabu upya na kuongeza miwili. Watoto wetu wa Lubumbashi wanaijua bahari kwa picha tu, kwa hiyo watakosea mara nyingi, na wanahitaji udongo unaowasubiri.

Kabla ya kulipa, omba kijiti kimoja ukibonyeze kwa kidole gumba. Kikipasuka pembeni, kiache. Mikono ya pweza haitashikana. Kisha kisugue viganjani: rangi ikibaki mkononi, itabaki na ukutani. Usidanganywe na msimu, lakini. Juni na Julai baridi ya asubuhi huufanya mgumu hata ukiwa mzima, na ukiufikicha kidogo hulainika. Oktoba ni kinyume, hulegea mpaka kichwa cha pweza kinainama. Mimi humtia njiti ya meno mwilini. Chukua rangi nne za vipande vinene, si kumi na mbili vyembamba, maana mwisho zote zitachanganyika ziwe kahawia.

Ya pili ni unga wa nyumbani: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji kidogo kidogo mpaka ushikamane. Kwa kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, na kwa samaki bapa unafaa sana. Kwa kaa, hapana. Binti yangu aliweka miguu yote kumi, magando yakiwemo, akafurahi mno. Siku ya tatu, ulipokauka, minne ilikuwa chini, naye akalia. Chumvi ni nyingi, mdogo asiule.

Ya tatu, udongo wa kichuguu. Hauna gharama, na ni mlaini ukiuchekecha vizuri. Ukikauka hujikunja na kupasuka pale penye unene na wembamba pamoja, basi finyangeni gamba la kasa, si mapezi yake.

Ya mwisho ni ule wa plastiki unaookwa. Ni mzuri kwa macho, lakini unataka oveni yenye joto la kutulia, nyuzi 110 hadi 130 hivi kufuatana na pakiti. Msiujaribu juu ya mbabula, jiko letu la makaa: ukiungua hutoa moshi mkali unaochoma macho na kifua, na watoto ndio wanaokuwa karibu zaidi wakichungulia kasa wao.