LibreOffice Writer: kuwinda "sana", "tu" na "akaanza" kwenye muswada wa Kiswahili

Kwa anayehariri hadithi ya Kiswahili na kutaka kupunguza maneno dhaifu, hii ndiyo programu ya kuanza nayo, na sababu yenyewe ni dirisha la kutafuta na kubadilisha linalofunguka kwa Ctrl+H. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Vikagua mtindo vinavyosifiwa, kama Hemingway, vimeundwa kwa Kiingereza. Viambishi vyetu havivijui.

Andika "tu" hivihivi na Writer itakuletea watu, kitu, tumbo na tulikwenda. Weka alama kwenye "Whole words only", bofya "Find All", na zitabaki zile zinazosimama peke yake, zote zimechaguliwa kwa mpigo. Zipake njano. Upau wa chini huonyesha idadi ya maneno yaliyochaguliwa, hivyo hesabu umeipata bila jasho. Rudia kwa sana, kabisa, mno, ghafla.

Utamu uko kwenye "Regular expressions", yaani fomula zinazotafuta umbo la neno badala ya neno moja; weka alama hapo, ndani ya chaguo za ziada. Kitenzi chetu hakitulii: alianza, akaanza, walipoanza. Andika \w*anza k[uw]\w* (\w* ni herufi zozote, [uw] ni u au w) na utanasa "akaanza kulia", "walianza kwenda" na ndugu zao wote. Nyingi zinafaa kuwa "akalia", "walikwenda". Bakiza pale kitendo kinapokatizwa: "alianza kujibu, simu ikakatika." Fomula hiyo huleta pia "kwanza kulikuwa" na "Mwanza kuna", kwa hiyo riwaya ya kanda ya ziwa itakusumbua kidogo. Kisha jaribu \w*weza k[uw]\w*. "Aliweza kuona taa" ni "aliona taa", basi. "Hakuweza kulala" iache. Pale kushindwa ndiyo habari yenyewe.

Msako wa tatu ni fomula "kwa (hasira|haraka|furaha|huzuni)", ambamo | ni "au". Hapa usifute kabla hujakitazama kitenzi kilichotangulia, maana mara nyingi ndicho kilicholegea. "Alifunga mlango kwa hasira" inataka "alibamiza mlango"; "alikunywa maji kwa haraka" inataka "aligugumia maji". Ukiondoa kielezi na kuacha "alifunga mlango", umepunguza maneno na hasira umeitupa.

Kitufe cha "Replace All" kikiwa na nafasi tupu ya kubadilishia ni balaa. Ukifuta "basi" yote, "alipanda basi la Tanga" inakuwa "alipanda la Tanga". Ukifuta "mara", "mara kwa mara" inabaki "kwa". Hata "sana" ikiondoka mwishoni mwa sentensi huacha nafasi kabla ya nukta. Washa kwanza kumbukumbu ya mabadiliko kwa Ctrl+Shift+C, halafu pitia moja moja.

Kasoro mbili zinaudhi. Programu haitenganishi masimulizi na mazungumzo, wakati mhusika ana haki ya kusema "asante sana" na "yaani". Pia haina orodha yake ya maneno dhaifu. Tunza yako kwenye faili, ukiyaunganisha hivi: \b(sana|kabisa|mno|ghafla)\b, ambapo \b ni mpaka wa neno. Na wanaoandika riwaya za mfululizo kwa simu wajue kwamba toleo la Android ni la kusomea zaidi, kwa hiyo muswada utalazimika kuhamishiwa kwenye kompyuta kabla ya msako wowote.